Kata Ilipofika Mdomoni

Tulimzika Mama Edigna kwao Kihagara, kijiji cha ziwani, katika makaburi ya Waanglikana waliombatiza, ingawa ndoa ilikuwa imemfanya Mkatoliki na Ukatoliki huo hakuuacha hata baada ya ukoo wa mumewe kumwacha. Kasisi alisoma sala zake, katekista akasoma zake, na ziwa nyuma yao lilikuwa na rangi ya bati lililochakaa. Kutoka Mbinga tulishuka wawili tu, mimi na dereva niliyemkodi. Niliitazama barabara ya mteremko mpaka udongo wa mwisho ulipowekwa, si kwa kuwa nilimtarajia mtu, bali kwa kuwa aliyefundishwa kuchunguza picha za watu huanza daima na nafasi zilizo wazi. Baada ya maziko, binti yake Edigna, ambaye sasa ni muuguzi na mama wa watoto wakubwa, aliniletea ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa lile, akaketi mkekani mbele yangu, akaniuliza jambo ambalo mama yake hakuwahi kumjibu: kwa nini walihama Mbinga. Nilimweleza. Nayaandika hapa kwa mpangilio ule ule niliomweleza, nikitenga nilichokiona na nilichokikisia, kwa maana mwaka ule uliharibiwa na watu ambao hawakuona haja ya kuvitenga viwili hivyo.

Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua kahawa, na malori yenye rangi ngeni yakaanza kupanda Mbinga. Mimi nilipanda na mvua za mwanzo wa mwaka, nikiwa na mkataba wa kufundisha historia katika shule ya sekondari ya kanisa, na tasnifu isiyokamilika. Msimamizi wangu huko ng'ambo alikuwa amefariki ghafla nikiwa katikati ya sura ya tatu. Baada yake ufadhili ulikatwa, nikaelezwa kwa adabu kwamba vipaumbele vimebadilika. Nilirudi nyumbani katika hali ambayo mlango ukibishwa nilishtuka kana kwamba nimeitwa kujibu shtaka. Nilipanga chumba cha uani kwa Mama Edigna, mjane aliyekuwa na kilabu cha pombe ya kienyeji kando ya barabara kuu. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha moja la ubao, na ukuta wa matofali ya kuchoma usiopigwa lipu. Upande wa pili wa ukuta huo zilikuwa benchi za wanywaji. Harufu ya kimea iliingia mpaka ndani ya mto, na maneno yaliingia pamoja nayo. Sanduku langu la bati lilijaa picha za vikombe vya udongo vya Wagiriki wa kale, na kila picha ilionyesha watu wanakunywa. Nililala, basi, kati ya karamu mbili, moja ya kimya na moja ya kelele, nami sikuwa mwalikwa katika yoyote.

Niliulizwa mara nyingi, na kwa haki, Mtanzania anatafuta nini kwenye vikombe hivyo. Jibu langu la wakati ule lilikuwa refu; la sasa ni fupi zaidi. Wagiriki hao walichora ulevi wao juu ya chombo kile kile walicholewea. Nje ya kikombe utawaona wanaume wamejiegemeza kwenye vitanda vyembamba, mito chini ya kiwiko, mashada ya majani kichwani. Mwanamke wa kukodishwa anapuliza filimbi mbili kwa pamoja. Kijana anachota divai iliyochanganywa na maji. Wake zao hawamo. Vikombe vingine vimechorwa macho mawili makubwa, hivi kwamba mnywaji akikiinua, uso wake hutoweka na mwenzake hutazamwa na kikombe. Ndani kabisa, chini ya divai, kuna picha nyingine ambayo mtu huiona akishamaliza. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya hayo, kisha nikakwama kwenye jambo dogo ambalo huenda mtafiti mwenye afya njema asingelishughulikia: mchoraji anaweza kuonyesha kikombe kimefika mdomoni, lakini hawezi kuonyesha kumeza. Mstari wa koo ni ule ule. Niliyapanga makoo yale kitandani usiku na mchana, nikatafuta moja lililokuwa na hakika, nisilipate.

Mchana wa Jumapili tulikula pamoja mimi, Mama Edigna na shemeji yake, Mzee Otmari, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Mzee huyu ndiye aliyetamka, siku ya kuanua matanga ya mdogo wake, kwamba mjane na mtoto wasiguswe katika nyumba ile; na kwa kuwa alikuwa mkubwa wa nyumba yao, tamko lake lilikuwa ndiyo hati pekee aliyokuwa nayo Mama Edigna. Edigna mwenyewe alikuwa mbali, akisoma bweni kwa masista. Tulikula ugali wa mahindi, maharage, na likolo, kama wanavyoiita mboga ya majani huko. Siku moja Mzee Otmari aliomba nimwonyeshe "wale walevi wangu". Akaishika picha mbali na macho, akaitazama kwa muda.

"Hawa waliolala ni wagonjwa?"

"Hapana, mzee. Ndivyo walivyokunywa, wamejiegemeza."

"Watapaliwa," alisema Mama Edigna akiwa jikoni.

"Waache wapaliwe, shemeji, pombe ni yao. Na huyu kidole chake kinafanya nini?"

Nikamweleza mchezo wao: mtu hukizungusha kikombe kwa kidole, akarusha machicha ya divai kulenga kisahani, huku akitaja jina la anayempenda.

"Anarusha machicha?" Akamgeukia shemeji yake. "Umesikia maajabu haya? Kuku wa huko wanakula nini?"

"Wanakula majina ya wapenzi," akajibu Mama Edigna. "Ndiyo maana wamekufa wote, hakuna hata mmoja kwenye picha."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kifua chake hakikuwa kizuri tangu masika. Kisha akarudi kwenye picha na kuuliza kwa sauti nyingine, "Mwalimu, katika hawa, nani anaonja?"

"Kuonja kwa vipi, mzee?"

"Kabla ya mgeni. Nani anatoa sumu?"

Nilimjibu kwamba sijaona kikombe hata kimoja kinachoonyesha hilo.

"Basi hawa hawakuwa na ndugu."

"Walikuwa nao."

"Basi hawakuwa na shamba. Anayekunywa bila kuonjewa ni mtu ambaye hakuna anayengoja kumrithi."

Niliyaandika maneno hayo pembeni mwa rasimu yangu kama utani wa kupendeza. Desturi yenyewe niliijua: anayetoa pombe hunywa kwanza funda moja katika kata ile ile ya buyu atakayompa mgeni, ameze, ndipo aipokeze kwa mikono miwili. Mgeni huuliza, "Umeonja?" na mtoaji hujibu, "Nimeonja." Huulizwa kwa kucheka, lakini sikuwahi kuona swali hilo likirukwa. Na kwa kuwa jicho langu lilikuwa limekaa mwaka mzima juu ya makoo yaliyochorwa, liliona juu ya koo la Mama Edigna kitu ambacho wateja wake, walioangalia kata tu, hawakukiona. Kata ilifika mdomoni. Mdomo ulilowa. Koo halikutikisika.

Nilingoja tuwe wawili jikoni. Alikuwa akichuja, mikono imezama katika machicha mpaka kwenye viwiko.

"Mama, wewe huimezi."

Hakugeuka. "Macho yako hayo, mwalimu, yatakutafutia kazi isiyo na mshahara." Akakamua, akatua ungo. "Edigna alipougua homa ya uti wa mgongo, shingo ilikauka kama kuni. Sista akasema dawa wametoa, sasa tusali. Nikamwambia Mama Bikira Maria, niachie huyu, nami tone halitapita hapa." Akaligusa koo kwa mkono uliolowa, likabaki na alama ya unga.

"Na kupika hukuacha."

"Nikiacha kupika, Mama Bikira ndiye atakayelipa ada?"

"Nani anajua?"

"Padri wa wakati ule. Na shemeji Otmari, yeye nilimwambia mwenyewe, nisimdanganye mtu anayenilinda. Akasema mdomo wangu ukigusa kwake inatosha. Wengine wasijue. Mteja akisikia mpishi hanywi alichopika, atajiuliza ndani mna nini."

Kahawa ilianza kuvunwa, na mji ukabadilika sauti. Kabla ya hapo mkulima alijua ghala moja na mlango mmoja. Sasa walikuja vijana wenye mizani migongoni mwa pikapu, wakinunua njiani, na kiwanja chochote kilichopakana na barabara kuu kikawa na wachumba. Mdogo wa Mzee Otmari, jina lake Alkwin, aliyekuwa karani katika chama cha ushirika mpaka kilipopunguza watu, alikuwa amejipatia kazi ya kumtafutia mnunuzi mmoja mahali pa kujenga ghala. Simwiti mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesimama bila kazi mbele ya watoto wake, na nchi nzima ilikuwa ikimwambia kwamba anayengoja ameachwa. Kupitia ukuta wangu nilimsikia akizungumza na kaka yake kwenye benchi.

"Kaka, mambo yamefunguliwa. Kiwanja kile kiko barabarani, kinauza kelele tu."

"Kiwanja kina mtu."

"Kina Mnyasa, mtu wa ziwani."

"Kina mke wa mdogo wako na mtoto wake. Nikifa mtasema mengine, Alkwin. Sijafa."

Akafa mwezi uliofuata, wakati baridi imekaza na ukungu haukuinuka mpaka karibu adhuhuri. Nilichokiona ni hiki. Jumamosi alasiri alikuja na miguu iliyovimba, akaketi kwa shida. Mama Edigna alichota, akaifikisha kata mdomoni, akampokeza kwa mikono miwili. "Umeonja, shemeji?" Aliuliza huku jicho moja likitabasamu. "Nimeonja." Akanywa, akaongea kidogo juu ya mvua iliyopita, akaenda zake. Alfajiri alikutwa amekufa kitandani. Kwamba moyo wake ndio uliochoka, hicho ni kisio changu, na ninaamini ni sahihi. Lakini hakuna daktari aliyemfungua, na katika nafasi ile iliyoachwa wazi kila mtu aliweka alichokuwa nacho. Mtu fulani aliyekaa benchi la mbele alikumbuka kwamba funda la Mama Edigna lilikuwa jepesi mno. Kumbukumbu hiyo ilizunguka mji kwa siku za matanga, ikarudi ikiwa nzito.

Kikao cha ukoo kilifanyika Jumapili baada ya Misa, uani kwa Alkwin, watu wakikalia magunia matupu ya kahawa. Aliyekiongoza alikuwa Mzee Lotari, binamu wa marehemu, mtu mpole. Nilikwenda kwa sababu Mama Edigna aliniomba nikae mahali anaponiona. Kilichokuwa kikiamuliwa alikijua kila mmoja: kama mjane ataendelea kukaa katika nyumba ile au ataondoka.

"Mama Edigna," alianza Mzee Lotari, "siku ile ulimwonjea marehemu?"

"Kata ilifika mdomoni, baba."

"Hukuulizwa ilifika wapi. Ulimeza?"

Ningependa kuandika kwamba palikuwa na upepo, au kuku alipita, lakini nakumbuka uso wake tu. Alikuwa na neno moja la kumwokoa, na lilikuwa neno ambalo alilitamka kila siku kilabuni bila kufikiri.

"Sikumeza."

Akaeleza nadhiri yake, kwa ufupi, bila kulia. Alkwin, ambaye aliheshimu utaratibu kama karani, akauliza nani shahidi. Padri, akasema; lakini padri huyo alikuwa amehamishwa mbali. Mwingine?

"Marehemu mwenyewe."

Mmoja alicheka, si kwa ubaya, ila kama mtu anavyocheka kiti kikimvunjikia mwenzake. Mama mmoja nyuma akasema, "Watu wa ziwani na dawa zao," na hakuna aliyemnyamazisha. Nikaomba kusema. Nilisimama nikatoa hoja niliyoiandaa, kwamba watu wengi walikunywa mtungi ule ule siku ile na wote wamekaa hapa wazima.

"Mwalimu Skola, tunakushukuru," alisema Mzee Lotari, na kweli alishukuru. "Lakini mtungi haujashtakiwa. Sumu hukaa kwenye ukucha, ukucha hugusa kata. Ndiyo maana huonjwa kata, hauonjwi mtungi."

Niliketi. Nimelirudia jibu lake kwa miaka mingi na sijapata ufa ndani yake. Ukiukubali mwanzo wake, mwisho wake unafuata vizuri kuliko hoja nyingi zilizonipatia shahada. Kisha akasema alichodhani ni huruma, nami pia nilidhani hivyo: "Sitaki kumtoa mjane nje. Iletwe pombe. Anywe kata nzima mbele yetu, ameze, tuone. Akimaliza, neno hili tumelizika na marehemu."

Kata ikaletwa, imejaa mpaka ukingoni. Mama Edigna aliipokea akaikalisha mapajani, akaitazama kwa muda mrefu hivi kwamba povu lilianza kulala. Nilijua anachopima. Upande mmoja nyumba na ada ya mtoto; upande mwingine ahadi ambayo kwayo, kwa hesabu yake, mtoto huyo alikuwa hai. Wao waliona mwanamke anayeogopa pombe. Alifanya ishara ya msalaba, akaiinua, na uso wake ukatoweka. Kilichobaki ni buyu la kahawia lililotutazama, na chini yake koo, na koo likaanza kwenda. Lilikwenda juu na chini, funda kwa funda, mbele ya macho ya ukoo mzima, na ile hakika niliyokuwa nikiitafuta kwenye picha ilikuwa hapo, nami nikatamani nisiione. Akaishusha kata, tupu. Mzee Lotari alivuta pumzi aseme. Alkwin akamtangulia, kwa sauti ya chini, kama anayejisemea.

"Kumbe koo linafanya kazi." Akaongeza, "Leo anaitaka nyumba, amemeza. Siku ile alikuwa anataka nini?"

"Nimesema limezikwa," alisema Mzee Lotari.

Lakini hakuna aliyemtazama tena Mama Edigna. Watu walikung'uta nguo zao, wakaaga kwa kuangalia chini. Nafikiri hata sasa kwamba Alkwin hakuwa ameipanga kauli ile. Ilimjia, kama zinavyotujia zile fikra zenye umbo zuri, na kwa kuwa ilikuwa na umbo zuri akaiamini.

Asubuhi iliyofuata Mama Edigna hakuwapo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, moto umezimwa, khanga ya safari haipo. Mpaka mchana mji ulikuwa umekwisha kulipatia jambo hilo jina: amekimbia. Wengine walisema amekwenda ziwani kufuata dawa ya kujikinga. Mimi nilikisia kwamba ameshuka Kihagara kuwaomba ndugu zake mahali pa kulala, na kisio hicho nilikibeba kama ukweli kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Alkwin alikuja na fundi na kufuli jipya. Alinisaidia kutoa sanduku langu la bati, akaliweka uani kwa uangalifu, akasema, "Samahani, mwalimu, hili halikuhusu." Siku chache baadaye Mama Edigna alirudi juu ya lori la mbolea, vumbi mpaka kwenye kope, akasimama mbele ya mlango wake. Mzee Lotari aliitwa. Alikuwa karibu kulia.

"Ungebaki, mwanangu, ningepata la kusema. Ulikwenda wapi?"

"Nilikuwa na safari."

"Safari gani, siku moja baada ya kikao?"

"Safari, baba. Shikamoo." Akainama, akaanza kukusanya vyungu vyake vilivyowekwa nje. Hata mimi hakuniambia. Nilimfungia mizigo, tukasimama barabarani pamoja mpaka lilipopita gari la kushuka Mbamba Bay, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kwamba nisisahau kula. Ghala lilifika kwenye msingi tu. Bei ya kahawa ilianguka, mnunuzi akahamia zao jingine, na leo ukipita hapo utaona mstari wa mawe na majani marefu ndani yake. Tasnifu niliimaliza baadaye, nikiwa nimeiondoa sura ya makoo. Watahini walisema kazi imekamilika.

Hayo yote nilimsimulia Edigna mkekani, na usipa ulikuwa umepoa. Alinisikiliza kama wauguzi wanavyosikiliza, bila kuonyesha lolote. Nadhiri hakuwa ameijua. Mama yake alimwambia kwamba pombe humwumiza kichwa. Nilipofika kwenye safari ile, niliposema kwamba alishuka huku ziwani kuwaomba ndugu zake mahali, aliinua mkono kunizuia.

"Hakuja huku, mwalimu. Alikuja shuleni kwetu."

Niliisukuma pembeni sahani ya usipa.

"Ilikuwa katikati ya wiki, si siku ya wageni. Nikaitwa kutoka darasani. Nilidhani ameniletea sabuni, lakini hakuwa na mfuko wowote. Hakunisalimu. Alinishika paji la uso, akanishika shingo, akaninamisha kichwa mbele, akakirudisha. Akasema nitoe ulimi. Akauliza kama nasikia baridi, kama mwanga unaniumiza macho. Nikasema hapana, Mama, mimi ni mzima. Akaniangalia, akanishika tena shingo. Sista alipomwuliza kama amekuja kunichukua, akasema hapana, amekuja kuniona tu. Akaomba akae pale kwenye ngazi mpaka kesho yake, aone nitakavyoamka."